Mlio wa Kinu Duarani

Kambini, upande wa Geita
15 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, kifua kimepona, na gauni ulilonishonea limenifanya niitwe mke wa mchungaji humu ndani. Mguu wako vipi? Cherehani imepata mkanda mpya? Msalimie shangazi Bernadina pamoja na mbuzi wake watukutu. Mwambie yule beberu aliyekula kitabu changu, nikirudi nataka kumkuta kwenye sufuria.

Nilikuahidi kukueleza kazi yenyewe, basi kaa vizuri na usicheke. Tunamfundisha roboti kutembea Mars. Ile nyota nyekundu uliyokuwa ukituonyesha uani siyo nyota, ni sayari, dunia kavu isiyo na mtu. Watu walishapeleka magari yasiyo na dereva huko, yanatambaa mdogo mdogo, yanapiga picha na kutoboa mawe. Hewa yake ni nyembamba mno, haifiki hata sehemu moja ya mia ya hewa yetu, kwa hiyo hata ukipiga kelele sauti inafifia palepale. Baridi yake haisemeki. Mchana mbingu ina rangi ya vumbi la barabara ya Kahama, na jua likizama, pale linapozamia panageuka bluu. Kila kitu kinyume cha kwetu.

Huyu wetu amepangiwa mapango ya huko. Kabla hajaenda anajaribiwa kwenye mashimo ya zamani ya wachimbaji wadogo. Wanakijiji walipoombwa jina wakamwita Limi, yaani jua, maana anakwenda pasipo jua. Mkuu wetu Dk. Bhoke, mama wa Tarime asiyecheka bure, siku hiyo alicheka.

Sharti ni moja, tuishi kana kwamba Limi yuko Mars kweli. Sisi tunaosoma picha zake haturuhusiwi kulisogelea shimo wala kusikia habari zake kwa mtu wa nje, kwa sababu huko Mars hakuna wa kumuuliza. Madirisha yamezibwa. Simu zimebaki getini mpaka zoezi liishe. Tunafuata siku ya Mars, inayozidi yetu kwa dakika kama arobaini, hivyo kila siku tunaamka tumechelewa kuliko jana. Hapa ninapoandika sijui kama huko nje ni asubuhi au jioni. Ila barua zinaruhusiwa, na Mwita wa bodaboda atazichukua getini.

Shimo lenyewe ni shimo tu la upande wa Geita. Usilitilie maanani.

Mwanao,
Suzana


Kambarage, Shinyanga
7 Julai 2024

Suzana mwanangu,

Marahaba, na tena marahaba. Mguu uko palepale, mchana unanitii, jioni unanikana. Mkanda wa cherehani nimepata. Shangazi yako amesema beberu hachinjwi kwa kosa la kusoma, maana katika ukoo huu yeye ndiye wa pili baada yako.

Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikairudia sikucheka tena. Mtu anaamka kila siku amechelewa kuliko jana! Sasa utaifikiaje kesho yako? Na madirisha kuyaziba ni adabu gani? Mimi mama yako nilizoea kukuona ukigombana na pazia asubuhi ili jua liingie. Lakini kazi ni kazi, na umesoma, basi fundisha hilo dude lako kutembea. Wewe mwenyewe ulichelewa kutembea, labda mtaelewana.

Habari za hapa siyo nzuri. Baba yako mdogo Fredy alikuja kutoka Isaka, ameacha kupakia malori siku mbili nzima, amekuja na wazee wawili. Walivyokaa kwenye benchi nikajua. Ni lile lile la Mabula. Wanasema miaka minne mtu yuko chini ya kifusi bila kaburi ni mingi, ng'ombe wa ukoo wanakufa, mvua imepita pembeni, kaka yako hana pa kulala. Wanataka tuchukue gogo, tulivike shati lake, tulizike kama alivyozikwa babu yao aliyepotelea ziwani.

Nikawauliza, nani alimuona amekufa? Duara la Ibanza, lile shimo walilokuwa wakichimba dhahabu, liliporomoka, wenzake walitolewa, yeye hakuonekana, mwenye duara akafunga virago. Hayo ndiyo tunayoyajua. Nikawaambia mwanangu siyo kuni. Fredy akaniambia, "Shemeji, unamnyima mtoto usingizi." Yaani mimi! Nikawaondolea chai yao mbele yao.

Wanajua hawawezi kuzika bila mimi kutoa shati, na shati silitoi. Basi kula vizuri, mayu. Unakula nini huko?

Mamaako,
Mama Mabula


Kambini
28 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Pole na wageni, na ulifanya vizuri kuondoa chai. Nimemkumbuka Fredy na suruali zake za Isaka zinazonuka dizeli, nikacheka peke yangu hadi mwenzangu Davis akauliza kama nimepata homa.

Kuhusu shati la kaka sitasema kitu. Subiri tu kidogo, Mama. Usilitoe bado.

Limi ameshashuka. Anakwenda polepole kuliko kobe. Tunamtumia maagizo mara moja, anakaa nayo peke yake gizani, kisha picha zinakuja zikiwa zimecheleweshwa makusudi, kama vile zimetoka mbali. Kwenye picha kuna vumbi tu, matimba yaliyooza ya kushikilia kuta, na kivuli chake mwenyewe kilichotupwa na taa yake. Nikizitazama sana nasahau kabisa kuwa ni ardhi ya kwetu.

Amebeba nyundo ndogo na sikio. Kuna mashine ilitua Mars ikiwa na sikio la namna hiyo. Ilinyoosha mkono, ikaliweka chini, ikalifunika kama unavyofunika kuku kwa tenga ili upepo usilisumbue. Ikaisikiliza sayari ikitetemeka ndani kwa ndani kwa miaka minne, mpaka vumbi likazifunika paneli zake za jua, ikanyamaza. Vumbi la huko ni laini kama unga. Kuna magari yaliyowahi kubahatika, kisulisuli kikapita, kikayapangusa, yakapata nguvu upya.

Limi akigonga mwamba, sikio linapokea, tunajua kama nyuma ya ukuta kuna uwazi. Dk. Bhoke alitaka mlio ambao mwamba hauwezi kuutoa wenyewe ukipasuka. Nimewapa mmoja. Nitakuambia siku nikirudi ni upi, utacheka.

Umeuliza chakula. Ni cha paketi, uji mkavu wa kukoroga, hauna chumvi wala sukari, nasema kweli unafanana na pumba. Nywele nimenyolewa kwa sababu ya vumbi. Ukiniona leo utaniita kaka.

Mwanao,
Suzana


Kambarage
18 Agosti 2024

Suzana,

Marahaba. Hapa tu wazima. Mwanafunzi wangu wa cherehani, Limi binti Luka, hataki tena kuitwa jina lake tangu nimsomee barua yako. Anasema mwenzake ameshushwa shimoni.

Kisulisuli ulichokisifia, sisi hukitemea mate na kukiambia kipite zake. Nyie mnakipokea kiwapanguse. Haya.

Sina maneno mengi leo. Mwita aliketi jikoni kwangu, akanywa uji. Ni kijana mkweli, nimemuuliza mengi, na yote amenijibu. Nilimuuliza pia kama amekuona. Akasema, "Hapana Mama, barua napewa na mlinzi kwa dirisha dogo, huyo Suzana simjui sura." Miezi yote hii anabeba barua za mtu asiyemjua sura.

Nataka vitu vitatu, na usinifanyie ujanja.

Kwanza, njoo nyumbani siku moja. Moja tu, unywe chai, ugeuze.

Pili, ulipougua surua darasa la kwanza, kuna jina nilikuita wiki nzima ile, hakuna mwingine aliyelitumia. Liandike.

Tatu, humu nimefunga chumvi kwenye karatasi. Ilambe, uniandikie jinsi ulivyojisikia.

Mama Mabula


Kambini
14 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na naomba unisamehe kwa kuchelewa. Limi alizama kwenye mchanga karibu na kifusi, tukawa hatulali, au tunalala, sijui. Mars nako kuna gari lilikwama hivyo hivyo. Walijaribu miezi mingi kulinasua wakashindwa, baridi ikalimaliza. Ndiyo maana Dk. Bhoke alikuwa mkali kama pilipili. Sasa ametoka, anaendelea.

Umenichekesha na chumvi yako. Haikuingia. Kitu chochote cha unga kutoka nje kinazuiliwa getini kisichanganyike na vumbi tunalolipima. Mlinzi ndiye anaitumia kwenye mayai.

Jina la wakati wa surua silikumbuki kabisa. Homa ile ilinichukua akili zote, nakumbuka tu kanga yako ya njano. Na kuja siwezi. Atakayetoka nje ya uzio harudi tena, na mimi lazima nibaki mpaka mwisho. Usiniulize kwa nini lazima. Nakuomba kama mtoto anavyomuomba mama yake.

Sasa na mimi nina swali. Mabula alikuwa anagongaje kinu? Nakumbuka alikuwa anakusaidia kutwanga ukichoka. Akimaliza alikuwa akigonga mchi kama wewe, au alikuwa na lake?

Nauliza kwa sababu sikio la Limi limesikia kitu. Dk. Bhoke anasema ni mwangwi. Lakini mwangwi hausubiri siku mbili, Mama. Na karibu kila siku unarudi.

Mimi naogopa, na pia nina furaha ambayo siwezi kuieleza. Nijibu upesi.

Suzana


Kambarage
6 Oktoba 2024

Kwa unayeandika kwa mkono wa Suzana,

Sikusalimii, kwa sababu sijui namsalimia nani. Kama ni mkubwa wangu, shikamoo. Kama ni mdogo, basi jipatie marahaba mwenyewe.

Umesema shimo la upande wa Geita. Mwita alinionyesha tangu Agosti. Ni Ibanza, huku huku kwetu, nyuma ya mgodi wa Bulyanhulu, duara lile lile lililomla Mabula. Suzana wangu angeniambia. Suzana wangu hajawahi kunificha hata alama za mtihani, na alizipata mbaya.

Nilikwenda. Getini nikaambiwa walio ndani hawaonwi. Nikamwambia mlinzi mimi ni mama yake. Akaniambia, "Hata ungekuwa nani." Basi nikazunguka nyuma ya kilima, kwenye lile tundu la zamani la kupitisha hewa, wachimbaji walinionyesha mwaka ule wa msiba. Nilikuwa nimebeba kile kinu kidogo cha karanga na mchi wake. Nilitaka kumuita Mabula kwa mara ya mwisho kama mama anavyoita watoto kula. Akinyamaza, nimpe Fredy shati lake yaishe. Hilo ndilo lililonipeleka, sikumwambia mtu.

Nikatwanga kidogo, nikamalizia kama ninavyomalizia siku zote, mchi kwenye mdomo wa kinu mara mbili, kimya, mara moja.

Nikajibiwa. Kutoka chini. Mara mbili, kimya, mara moja. Na kisha moja zaidi.

Mwanadamu hawezi kukueleza nilivyohisi. Mchi ulinitoka mkononi. Maana Mabula alikuwa akigonga sawasawa na mimi, hakuwahi kuongeza. Ile moja ya mwisho katika nyumba yangu aliiongeza mtu mmoja tu tangu ana miaka minne, akisema ni ya kumuita paka. Nilimpiga makofi kwa ajili ya ile moja, maana inapasua kinu, na hakuacha.

Nimerudi pale Jumapili nyingine na nyingine. Nikigonga, anajibu. Siku nyingine anachelewa, siku nyingine anaanza yeye. Ni mwanangu Suzana na yuko chini.

Hapo nikaona yote. Hawaoni jua. Saa zao siyo zetu. Simu wamenyang'anywa. Wamenyolewa. Wanalishwa pumba zisizo na chumvi, na chumvi ya mama yake ikakataliwa mlangoni. Jina nililomuita akikaribia kufa halijui. Kaka yake alikwisha kuchukuliwa, naye anauliza kwa barua kaka yake alikuwaje, kama mgeni. Sisi tumekulia huku, tunajua mtu anayetumikishwa na wasioonekana anakuwaje. Msukule hana la kusema ila la aliyemshika.

Kwa hiyo wewe uliyeushika mkono wake, nisikilize. Mimi ni mjane, sina ng'ombe wa kukutisha. Lakini Jumamosi tarehe 26 nyumba hii inazika. Nimetoa shati la Mabula na nimetoa gauni la Suzana. Magogo mawili. Aliyezikwa na mama yake hatumikishwi tena na mtu.

Na kama yuko karibu nawe anasikia ukisoma, mwambie nililitoa gauni lake nikilia.

Mama yao


Ibanza
24 Oktoba 2024

Mama, Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Ni mimi. Ni Suzana uliyemzaa hospitali ya mkoa umeme ukiwa umekatika. Usizike! Barua yako ilikaa getini wiki mbili nzima kwa sababu zoezi lilikuwa kwenye hatua ya mwisho na hakuna kilichoingia. Nimeisoma leo, nimesimama, nikakaa chini kwenye vumbi.

Zoezi limekwisha na simu nimerudishiwa. Nimekupigia, yako imezimwa. Nimempigia baba mdogo Fredy. Nikasema, "Baba, ni Suzana," akapiga ukelele akakata. Nikipiga tena haipokelewi. Polisi na watu wa madini wamefika, hakuna anayeruhusiwa kuondoka kabla ya kuandika maelezo. Kwa hiyo namkabidhi Mwita hii, na safari hii nimeitoa mwenyewe mkononi mwake, mbele ya mlinzi. Mvua imeanza na wanasema daraja limefunikwa. Nimemwambia apite popote, hata kwa miguu.

Sasa sikiliza. Ule mlio niliowapa wa Limi, niliosema utacheka, ni wako. Waliniuliza mlio ambao mwamba haujui, nikafumba macho, wa kwanza kuja ulikuwa wa kinu chako. Na ile ya paka niliitia bila hata kufikiri, vidole vyangu haviijui njia nyingine. Aliyekuwa akikujibu ni mashine, Mama. Iligonga kwa saa tulizoipangia, ndiyo maana siku nyingine ilichelewa na siku nyingine ikatangulia. Ilikuwa nyuma tu ya lile tundu la hewa.

Na mimi huku kwenye kompyuta nilisikia ukigonga wewe. Mara mbili, kimya, mara moja, bila ile moja ya paka. Mabula kabisa! Nilijua yuko hai. Nililala na lile sikio masikioni. Karibu kila siku lilisikia, na kila siku nilimuomba Mungu aendelee. Tulikuwa tunaitana mimi na wewe, Mama, kila mmoja anamdhania mwingine kuwa maiti.

Nilikuficha Ibanza kwa sababu ndicho kilichonileta. Nilisikia watafanyia pale, nikaomba kazi, sikuwaambia aliyepotelea pale ni kaka yangu wasije wakanikataa. Nilitaka nikuletee jibu moja, yuko au hayuko, ili usilazimishwe na mtu yeyote kutoa shati.

Jibu ninalo. Juzi Limi alipita juu ya kifusi. Picha ilikuja taratibu, mstari kwa mstari, kutoka juu kushuka. Kwanza ukuta, kisha kofia ya chuma, kisha bega lenye kiraka cha kitambaa cha maua ulichomshonea. Ameegemea mwamba, miguu ameinyoosha, vumbi limemfunika vizuri kama blanketi. Hana jeraha la kuonekana. Dk. Bhoke alisimamisha kila kitu, akanishika mabega, akalia kuliko mimi.

Mkononi ana jiwe. Ukutani pembeni yake mwamba umechubuka. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Niambie siku ulizokuja, nizipange na siku zilizoandikwa na sikio. Na usizike gauni langu. Nimelivaa la mke wa mchungaji, ndilo hili nililo nalo mwilini.

Suzana, Suzana, Suzana wako


Kambarage
28 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Naandika marahaba nikiwa nimeshika meza.

Mwita alifika Jumapili tunatoka kanisani, amelowa hadi mifupa, pikipiki ameiacha ng'ambo ya mto. Kabla hajanipa barua nilimshika shati nikamuuliza, umemuona? Akasema, "Nimemuona kwa macho yangu, Mama. Amekonda, amenyolewa, analia, na ananifokea kama wewe unavyonifokea." Nikakaa chini njiani, na nguo za misa.

Lakini Jumamosi ilikuwa imepita, mayu. Tulishazika.

Nitakuambia kama ilivyokuwa, sitaki uambiwe na watu. Gogo la Mabula nililitupia udongo mwenyewe, miaka minne ilikuwa imenichosha. La kwako sikuweza. Shangazi yako Bernadina alinishika kiwiko akanitupia yeye. Watu wa Kambarage yote walikuwepo, wamekula, wamelia, kwaya imeimba. Fredy alihutubia kuwa ulikuwa mtoto mwenye adabu, nikajua hakika huyu hakukufahamu. Nilizima simu kwa sababu niliogopa sauti yako. Mungu anisamehe, nilimuogopa mtoto wangu.

Kuhusu jiwe, nimeelewa. Nilielewa kabla ya kumaliza mstari. Aligonga, na sisi juu tulikuwa tumekaa kwenye turubai tunakunywa chai ya msiba, tunasema kumetulia. Hilo nitakwenda nalo. Polisi wakiruhusu tutamleta, gogo litafukuliwa, naye alale pale pale palipochimbwa. Nimemwambia Fredy hilo na hakubisha.

Unasema nikupe siku nilizokuja, na kwamba mlisikia karibu kila siku. Mimi nilikwenda Jumapili tu, baada ya misa. Hizo nyingine siyo zangu. Usizipange na chochote. Usiziseme kwa Dk. Bhoke wala kwa baba zako, na mimi usiniulize tena.

Sasa la kwako. Wazee walikaa jana. Aliyezikwa na mama yake haingii nyumbani kwa mlango uliomtoa, hata kama anapumua, maana akiingia anaingia kama alivyozikwa. Nilibishana nao kwa mara ya kwanza nikiwa sitaki kushinda. Ilishawahi kumtokea mtu katika ukoo wa baba yako, aliyerudi kutoka machimbo ya Afrika Kusini akakuta kaburi lake limeota majani. Walimfanyia nitakavyokufanyia.

Ukishuka kwenye basi usije moja kwa moja. Mwita atakupokea, akupitishe njia ya reli mpaka kwa Bernadina, ukae kwenye banda la mbuzi, usisalimiane na mtu na mtu asikusalimie. Ukuta wa nyuma wa chumba changu Fredy ameshautoboa kwa sururu, amefanya tundu la mabega ya mtu, bila kuambiwa mara mbili. Mimi nitakuwa nimelala ndani kwenye mkeka. Wanawake watanishika miguu. Bernadina atakuita kwa mkono, utaingia kwa kichwa, atakuvuta, atakuosha, atakufunga kwenye kanga yangu na kukuweka kifuani kwangu. Utalia. Wakisema lia, ulie kweli, usinione haya, usije ukanichekea kwa kuwa umesoma. Na usiseme neno mpaka nikupe jina.

Jina la Suzana limezikwa na gauni lake. Hilo jipya nimeshalichagua. Fredy anataka la bibi yake, nimemwambia azae wake. Sitaliandika humu, kwa sababu bado hujazaliwa.

Fanya haraka hao polisi wakuachie. Tangu alfajiri kiuno kinanikata na tumbo linakaza. Bernadina amenipapasa hapa na pale, hataki kusema kitu, anachemsha maji. Njoo, mwanangu. Uchungu umeshaanza.

Mama yako